Ziba kidonda, kovu liache

Msomaji mmoja wa Likoni ameniandikia barua ndefu. Nimeifupisha hivi:

"Shikamoo fundi. Baba yetu amefariki, ametuachia baiskeli yake, ile Black Mamba ya zamani yenye breki za vyuma, aliyokuwa akisambazia mikate Majengo kila alfajiri. Paipu ya juu rangi imelika kabisa, pale nilipokuwa nikikaa utotoni akinipeleka madrasa. Kwenye kifuniko cha cheni ameandika jina lake mwenyewe kwa brashi. Juzi kwenye feri mkokoteni wa ndizi uliikwaruza ubavuni, pakachubuka kama upana wa vidole viwili, chuma kinaonekana. Halafu nyuma, karibu na keria, rangi imefura kama lengelenge. Kaka yangu anataka tuipeleke ipigwe rangi yote iwe mpya. Mjomba anasema tusiiguse, kila alama ni ukumbusho wa baba. Mimi niko katikati yao. Nipake au niache?"

Marahaba mwanangu, na Mungu amlaze baba mahali pema.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana umeuliza swali moja na ndani yake mna matatu. Kaka yako anaitazama baiskeli kwa jicho la mnunuzi. Mjomba anaitazama kwa jicho la mfiwa. Wote wawili wanazungumzia sura. Mimi kazi yangu ni chuma, na chuma cha baiskeli hiyo kina hali tatu tofauti: pale ulipokuwa ukikaa, pale mkokoteni ulipoparuza, na pale nyuma palipofura. Ukitaka kujua ni wapi palinishtua, si huo mchubuko wa feri. Ni lengelenge.

Kwa ufupi: usiipake yote, wala usiiache ilivyo. Ziba kila mahali chuma kilipo uchi, kisha usihangaike kuficha kwamba paliwahi kuumia. Kuziba ni kazi moja na kuficha ni kazi nyingine, na watu wengi hulipia ya pili wakidhani wamelipia ya kwanza.

Nianze na hewa, kwa sababu ushauri mwingi wa baiskeli umeandikwa na watu wanaokaa mbali na bahari. Huko Marekani yuko bwana mmoja, Grant Petersen, mwanzilishi wa Rivendell Bicycle Works ya California. Yeye ndiye aliyebuni neno beausage, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza, uzuri na matumizi. Anachosema ni kwamba kitu kilichotengenezwa vizuri kikichakaa kwa kazi yake ya halali hupendeza kuliko kilivyotoka dukani. Nakubaliana naye kabisa. Nenda Mji wa Kale ukatazame mlango wa zamani, pale kwenye pete ya kubishia hodi, mbao zilivyolainika kwa mikono ya watu ambao hata makaburi yao hayajulikani tena. Hakuna fundi anayeweza kukutengenezea kitu kile. Lakini karakana ya bwana Petersen iko Walnut Creek, upande wa bara, mahali ambapo kiangazi hupita miezi bila mvua. Mjomba wako anaweza kuwa anasema maneno yale yale, ila anayasema akiwa Likoni.

Kutu inahitaji vitu viwili tu: maji na hewa. Chumvi si lazima, lakini ikiwepo mambo huenda mbio. Umeona chumvi ya jikoni inavyotota ndani ya kibakuli wakati wa masika, hata kama hakuna aliyeigusa kwa mkono wenye maji? Inanyonya unyevu kutoka hewani. Ile ya bahari ina magnesi ndani yake, na hiyo hunyonya hata siku ambayo wewe unaona ni kavu. Sasa upepo wa kusi unaipuliza juu ya baiskeli yako usiku kucha, na mara mbili kwa siku unasimama nayo kwenye feri katikati ya mkondo wa Kilindini. Mchubuko ambao mtu wa Nairobi angeuacha mwaka mzima ukawa na rangi ya kahawia tu, kwako wewe baada ya wiki chache umeanza kutambaa chini ya rangi nzima iliyo pembeni yake. Ndivyo lengelenge linavyozaliwa.

Kabla ya lolote, pitisha ukucha. Osha baiskeli, ikauke, kisha pitisha ukucha wa kidole gumba ukikata mkwaruzo kwa upande. Ukucha ukiteleza bila kunasa, aliyeumia ni ule ung'avu wa juu tu. Hapo unapaka nta ya gari, unasugua, basi. Ukinasa lakini ndani unaona rangi nyingine, kijivu au nyekundu iliyofifia, umefika kwenye praima, ile rangi ya kwanza ya chini, na bado chuma kimefunikwa. Paka nukta ya rangi kwa njiti ya kiberiti siku ukiwa na nafasi. Ukinasa na ndani panang'aa, au pana rangi ya chai, basi ni chuma. Hapo hapana mjadala wa urembo.

Sasa twende nyuma kwenye keria.

Kutu ikizaliwa hunenepa. Chuma kikigeuka kutu huchukua nafasi mara mbili na zaidi ya ile iliyokuwa yake, kwa hiyo husukuma rangi juu. Ukiona rangi imefura, ujue kazi chini yake ilianza zamani na chumvi imefungiwa humo pamoja na maji. Ni sawa na wanaozipiga nyumba za matumbawe za Mji wa Kale plasta ya saruji badala ya chokaa. Ukuta uliokuwa ukipumua unashikwa na unyevu usiokuwa na pa kutokea, plasta inafura, inabanduka na vipande vya ukuta. Ukimpelekea mpiga rangi baiskeli yenye lengelenge akapuliza rangi juu yake, amempaka poda mwenye tetekuwanga. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ndiyo maana sikubaliani na kaka yako, si kwa sababu rangi mpya ni mbaya.

Chukua kisu kidogo au ncha ya bisibisi, toboa lengelenge, kwangua rangi yote iliyolegea mpaka ufike mahali inaposhika vizuri. Usiionee huruma. Doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi mara nyingi hufunguka likawa na ukubwa wa kiganja. Kisha chukua hiyo sarafu, gonga paipu taratibu kuanzia mahali pazima ukielekea penye kutu. Chuma kizima hulia mlio mkali, wa juu. Kilicholika hulia kama debe lililopasuka, au hakilii. Halafu bonyeza kwa ncha ya bisibisi, kwa nguvu ya mkono tu. Ikizama, usiendelee kusoma habari za rangi. Hapo anahitajika mchomeleaji, tena anayejua kuchomelea paipu nyembamba, si yule wa mageti. Unene wa ukuta wa paipu hizo hata milimita 2 haufiki.

Nalisisitiza hili kwa sababu lilinipata. Nilipoanza kujitegemea nilikuwa na baiskeli ya Kichina iliyochubuka kila mahali, nami nikijisifu nayo. Wenzangu wanapaka, mimi nasema yangu imekomaa. Kwa nje kutu yake ilikuwa ya kawaida, kahawia laini, nikiipangusa kwa kitambaa chenye mafuta. Siku moja nateremka kutoka daraja la Nyali na debe la mafuta kwenye keria, nikasikia mlio kama wa kijiti kikavu. Paipu moja nyembamba ya nyuma, zile zinazotoka chini ya kiti kushuka kwenye gurudumu, imekatika. Nilinusurika, nikaumia goti tu. Nilipoitazama ndani, chuma kilikuwa kimebaki kama karatasi, na ule unga uliomwagika ulikuwa mlaini kama mdalasini uliosagwa. Ilikuwa imelika kutoka ndani kuja nje, na mimi nilikuwa nikipangusa nje.

Kwa hiyo kabla ya rangi, toa kiti pamoja na nguzo yake. Geuza baiskeli juu chini, itikise. Yakitoka maji ya kahawia, usishangae. Mvua huingia pale nguzo ya kiti inapozama kwenye fremu, ikashuka mpaka chini pedeli zinapozungukia. Iache hivyo juani nusu siku ikauke. Kisha mimina ndani oili ya injini kama vijiko vitatu, mpya na si ile chafu ya gereji ambayo tayari ina asidi, uichanganye na mafuta ya taa kidogo ili itambae. Zungusha baiskeli huku na huku, iweke juu ya gazeti ichuruzike. Paka grisi nguzo ya kiti kabla ya kuirudisha. Kazi hii haionekani na hakuna atakayekusifu kwayo, ila ndiyo inayoongeza umri wa fremu kuliko rangi yoyote.

Mchubuko wa mkokoteni sasa ni mwepesi. Osha kwa sabuni na maji matamu. Nasema matamu kwa makusudi. Nyumba nyingi za Mombasa zina kisima, na maji yake ni ya chumvi. Watu huyatumia kuoshea vyombo na kudekia, kisha wanaoshea na baiskeli. Maji hayo yakikauka yanaiacha chumvi pale pale kwenye kidonda. Nunua dumu moja kwa mwenye mkokoteni wa maji au kinga ya mvua, litakutosha.

Kama chuma bado kinang'aa, sugua kwa msasa namba 240 kidogo tu, ili ule ukingo wa rangi usibaki kama ngazi. Kama kutu imeshaanza, chovya pamba kwenye siki nyeupe, ibandike juu yake, subiri dakika ishirini, sugua kwa brashi ya waya au mswaki mkuukuu, rudia mpaka chuma kiwe kijivu. Siki ni asidi, na ukiiacha humo itazaa kutu mpya chini ya rangi yako mpya. Kwa hiyo pangusa kwa maji yaliyokorogwa magadi soda, kisha maji matamu, kisha kitambaa kikavu, kisha jua. Usiende kunywa chai. Chuma kilichotoka kwenye siki hushika kutu nyepesi ya rangi ya chungwa ndani ya muda mfupi sana, hasa kwetu huku. Malizia kwa kitambaa chenye spiriti, na kuanzia hapo usipashike tena kwa kidole. Jasho ni chumvi.

Praima. Ile nyekundu ya mageti inafaa na inapatikana kila duka la vifaa. Ukipata yenye zinki nyingi, chukua hiyo. Ile nyekundu hufunika tu. Zinki hujitoa muhanga, inaliwa yenyewe kabla ya chuma, kama inavyofanya kwenye mabati. Paka kwa ncha ya brashi ndogo ya watoto wa shule, nyembamba, ipite kidogo juu ya kingo za rangi ya zamani. Acha mpaka kesho. Kisha rangi nyeusi ya mafuta, mara mbili au tatu, kila mara nyembamba, kila mara ukingoja ya kwanza ikauke. Mkono mmoja mzito haukauki ndani. Utaona umekauka juu, ukiubonyeza baada ya siku tatu unabonyea kama embe bivu. Ukimaliza, acha wiki nzima kabla ya kufunga kufuli juu yake au kupaka nta.

Usitumie ya kopo la kupuliza kwa kiraka kama hiki. Nusu yake itaenda hewani, na tina iliyomo, ile dawa ya kuyeyushia rangi, inaweza kuikunja rangi ya mafuta iliyo chini ikawa kama ngozi ya maziwa. Na kama kaka yako ataendelea kung'ang'ania mpaka afike kwa mpiga rangi wa magari, mwambie asisimame karibu wakati wa kupuliza. Ile dawa ya kugandishia wanayoichanganya ina isosayaneti, na hiyo huharibu mapafu na kuleta pumu.

Utauliza kama weusi utafanana. Hautafanana, na wala usijaribu. Nyeusi ya baba yako iliokwa tanurini kiwandani na imeshapigwa na jua miaka. Sasa ina ukahawia ndani yake. Yako itakuwa nyeusi ya leo. Ukiitazama kutoka upande wa pili wa barabara hutaiona, ukiinama utaiona, na ni sawa. Wenye baiskeli za rangi wana taabu zaidi, hasa hizi za mtumba kutoka ng'ambo zenye rangi ya kumetameta. Vile vipande vidogo vya alumini ndani ya rangi hulala namna moja vikipulizwa na namna nyingine vikipakwa kwa brashi, kwa hiyo hata ukiletewa rangi ya kiwanda kile kile haitalingana. Kwao nasema chagua rangi iliyokoza zaidi kidogo kuliko ya baiskeli. Doa jeusi zaidi jicho hulisoma kama kivuli. Doa jeupe zaidi linaita. Wapo wanaotumia rangi ya kucha, na siwacheki: hukauka upesi, ina brashi yake tayari, na rangi zake ni nyingi kuliko za duka la vifaa. Ila hupasuka upesi na haina praima, kwa hiyo ni ya mikwaruzo midogo, na juu ya chuma kilicho uchi bado praima lazima itangulie.

Kuhusu wakati: usipake asubuhi mapema kukiwa na umande, wala jioni. Tina ikiruka hupoza chuma, unyevu wa hewa ukakaa juu ya rangi mbichi, nayo ikapata ukungu mweupe. Anza saa nne asubuhi, kivulini, umalize saa nane. Juani pia pabaya, rangi huchemka ikatoa vipele. Miezi ya kaskazi ndiyo mizuri. Kama barua yangu inakufikia masika, fanya ya siki na praima leo, rangi ya juu isubiri siku tatu za jua mfululizo.

Nimeiacha mwisho paipu ya juu kwa sababu ndiyo uliyoiandikia barua, hata kama hukusema.

Pale rangi haikuchubuliwa; imelika. Tofauti yake unaiona ukiweka uso karibu. Mkwaruzo una kingo kali, rangi inaishia ghafla kama bati lililokatwa. Palipolika hapana kingo: nyeusi inafifia kuwa kijivu, kijivu kinafifia kuwa praima, na katikati kuna chuma chenye rangi ya senti ya zamani, laini, kimesuguliwa na nguo ya mtoto asubuhi baada ya asubuhi. Ukipitisha ukucha hapanasi kitu. Kama ndivyo palivyo, na hapana vipele, hapo mjomba yuko sahihi. Usipige msasa. Usipake siki.

Ila usipaache pakavu. Kabla rangi za viwandani hazijafika huku, mabaharia wetu walikuwa na jibu lao. Jahazi lilipakwa sifa, mafuta ya papa, kwenye mbao za juu, na chini ya maji likapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa, na kila msimu kazi ilirudiwa. Mbao zilizeeka zikapendeza, lakini hazikuachwa na kiu. Na si mbao tu. Kampuni ya Rust-Oleum ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1921, inasimuliwa kwamba ilitokana na nahodha mmoja, Robert Fergusson, aliyeona kutu ya sitaha ya meli yake imesimama pale mafuta ya samaki yalipomwagika. Akayachanganya kwenye rangi. Sikushauri upake sifa baiskeli, paka wa Likoni nzima watakufuata mpaka Majengo.

Tumia nta ya nyuki, au nta ngumu ya gari isiyo na dawa ya kusugulia. Pasha paipu juani mpaka iwe vuguvugu, paka nta kwa kidole kilichofungwa kitambaa, iache ipoe, sugua. Safari ya kwanza fanya mara mbili. Baadaye kila mwezi, na wakati wa kusi kila wiki mbili, maana nta huliwa na jasho la mapaja. Wapo wanaopenda mafuta ya kitani yaliyochemshwa, nayo ni mazuri kwa sababu hukauka yakawa ngozi. Lakini vitambaa vyake usivikunje ukavitupa pembeni. Hujipasha moto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze vikauke kwanza. Mafuta ya nazi, ambayo najua ndiyo yaliyo karibu nawe, hayakauki. Yatashika vumbi, na baada ya wiki utakuwa na uji mweusi kwenye gauni. Ni ya dharura tu.

Rangi isiyo na rangi, ile ya kung'arisha juu, nayo usiimwage hapo moja kwa moja. Haishiki vizuri kwenye chuma kilicholainika hivyo, itapasuka pembeni, maji yataingia chini yake, na utaiona kutu ikichora mizizi kama buibui ndani ya kioo bila ya kuweza kuifikia.

Kuna mteja aliwahi kuniletea baiskeli ya amu yake, naye kaniambia nifanye iwe mpya. Nikafanya. Nikapiga msasa mpaka chuma, nikapuliza, nikaoka juani, ikawa inang'aa hata ukichungulia unauona uso wako. Alipokuja kuichukua aliizunguka mara moja. Akalipa pesa zote, hakuomba kupunguziwa hata shilingi. Kisha akauliza, "Yale maandishi ya kwenye madigadi?" Nilikuwa nimeyasoma kabla sijayafuta, mstari mmoja tu wa mkono wa mzee, herufi za mwisho zimebanana kwa kukosa nafasi. Aliiondoa kwa kuisukuma, hakuipanda. Tangu siku ile, mtu akinipa kazi ya rangi nzima namwambia kwanza anionyeshe kwa kidole asichotaka kiguswe.

Kwa hiyo kifuniko cha cheni. Kifungue kabisa, kiweke ndani ya nyumba mpaka kazi nyingine zote ziishe. Jina aliloliandika baba kwa brashi huenda ni rangi ya mafuta ya kawaida, na spiriti au tina inaweza kuliharibu. Lioshe kwa maji matamu na sabuni ya kipande kwa pamba, bila kusugua. Nta ya nyuki italitosha, ila ijaribu kwanza kwenye kona ambayo haina herufi. Kutu ya upande wa ndani wa kifuniko, ule unaotazama cheni, iondoe na upake praima na rangi bila wasiwasi, kwa sababu ikitoboka kutoka ndani jina litaondoka nayo.

Feri nayo: kipande cha tyubu kuukuu kilichofungwa kwenye paipu kitazuia mkokoteni mwingine, lakini kivue kila ukifika nyumbani. Tyubu ikikaa huwa inatunza maji ya chumvi chini yake, na michubuko mingi mibaya ninayoiona imetokea chini ya tyubu iliyofungwa ili kuzuia mchubuko.

Kabla ya yote hayo, usiipande. Isukume tu kwa mkono mpaka utoboe lile lengelenge na kusikia sarafu inasema nini.